Kikombe cha Pili cha Babirye

Siku Jaja alipokuja shuleni kumchukua Babirye, tuliokuwepo jikoni ni hawa: Mchungaji, ambaye ndiye mwalimu wetu mkuu; Madamu Nambozo, mwalimu mgeni kutoka Mbale; Mama Aidah, mpishi; Jaja mwenyewe, yaani bibi yake Babirye, aliyetoka kwao Buwenge asubuhi hiyo; Babirye, amejifunika blanketi; na mimi, Akello, nilipokuwa bado mtoto wa darasa la saba, niliyetumwa kuleta maji nikasahau kuondoka.

Ilikuwa shule ya binafsi ya Kikristo, kule Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja. Baba yangu alikuwa askari jela, na alijinyima mengi ili nisome pale. Sisi wa darasa la mtihani tulilala shuleni. Tuliamka kabla ya jua, tukaimba, tukakariri mistari ya Biblia, kisha tukafanya hesabu mpaka kichwa kikapata moto. Wakati ule nililalamika kama wenzangu. Leo ningetoa chochote nilale tena kwenye kile kitanda cha chuma na kusikia kengele ikinikatiza usingizi.

Nyumbani, kwenye kota za jela, tuliongea Kiswahili. Baba alitoka kaskazini, Mama alitoka Mbale, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Shuleni wenzangu walikiona ni lugha ya jeshi. Nikipita walinipigia saluti. "Afande Akello, usitupige!" Babirye peke yake hakucheka. Jaja wake aliwahi kuishi Walukuba, mtaa wa Jinja, mume wake akifanya kazi kiwandani, akajifunza Kiswahili huko na kurudi nacho Buwenge. Kwa hiyo siku ya kwanza Babirye alinijibu kwa lugha yangu. "Afande, keti hapa," alisema, akasogea kwenye benchi. Nafasi ile ilikuwa ndogo, lakini sijaisahau.

Babirye alikuwa na pacha wake, Kawudha. Tulisoma nao wote wawili mpaka darasa la sita. Likizo ya mwisho wa mwaka Kawudha alishikwa na homa, na shule ilipofunguliwa Babirye alirudi peke yake.

Kwa Basoga, watu wa kina Babirye, pacha hasemwi kwamba amekufa. Husemwa ameruka, kama ndege. Halii mtu, na neno lile lingine halitajwi, maana likitajwa, aliyebaki atadhani ameitwa naye, atafuata. Vitu vyake pia vinaendelea kuja viwili viwili. Babirye alirudi na vikombe viwili vya bati vyenye ua jekundu, na vijiko viwili. Mama Aidah alikuwa Mwislamu wa mjini Jinja, mambo hayo hayakuwa yake, lakini saa ya uji alimimina vikombe vyote viwili bila kuuliza. Cha pili kilikaa kwenye benchi mpaka kikapoa na kushika utando juu. Kisha kikamwagwa.

Madamu Nambozo alikuja muhula wa mwisho. Alikuwa na moyo mwema, na kosa lake lilitoka kwenye huo moyo. Asubuhi moja, katika sala ya shule nzima, alifumba macho akaomba kwa sauti: "Bwana, mkumbuke mtoto wetu Babirye, ambaye pacha wake alikufa."

Nyuma yangu msichana mmoja alisema polepole, "Amelisema. Ee, amelisema!"

Babirye hakulia. Saa ya uji alikishika kikombe chake, akakirudisha chini. Kesho yake alikuwa na homa, na hakuzungumza na mtu. Wasichana waliolala karibu naye walihamisha magodoro yao. "Mwenzake amesikia," walinong'ona. Kitanda changu kilikuwa juu ya chake. Gizani nilikuwa nashusha mkono nimguse paji la uso, na ule moto wa homa ulinituliza, kwa sababu nilijua bado yupo.

Wiki hiyo watoto wa madarasa mengine walikuwa wamerudishwa nyumbani ili tusome kwa utulivu. Nao ndio waliopeleka habari Buwenge.

"Mimi napeleka mtoto nyumbani," Jaja alisema pale jikoni. Alikuwa amekataa kiti.

"Mama, mtihani ni Jumatatu," Mchungaji alisema. "Akiondoka leo, mwaka wake wote umepotea. Na dawa ya malaria ameshaanza kumeza."

"Mtihani atafanya nani, kama na huyu ameruka?"

Madamu Nambozo alipiga magoti pale pale kwenye majivu, na sketi yake ya kazini. "Jaja, nisamehe. Sikujua."

"Simama, mwanangu. Najua hukujua. Lakini neno limeshatoka."

Nilimtazama Babirye. Alikuwa anaangalia miguu yake, na mfuko wake ulikuwa umeshafungwa kando. Niliwaza benchi letu likiwa na mimi peke yangu, na jina lake likiitwa Jumatatu bila mtu wa kuitika.

Jaja akaona kikombe kwenye benchi. "Hiki anakunywa nani?"

"Hakuna, Jaja," Mama Aidah alisema. "Tunamwaga."

"Mnamwaga!" Jaja alipiga makofi mara moja. "Mnamwaga uji wa Kawudha, halafu mnashangaa mtoto kuugua! Nyumbani anakunywa mdogo wao, Kiiza. Aliyezaliwa nyuma ya mapacha huitwa hivyo, na huyo ndiye ana ruhusa. Hapa hamna Kiiza?"

"Darasa la saba halina," Mama Aidah alisema.

Sijui nilipata wapi sauti. "Mimi ni Akello."

Mchungaji aligeuka. "Akello, wewe si ulitumwa maji?"

"Nimeleta, Bwana Mchungaji." Nikamgeukia Jaja. "Kwa watu wa Baba, Akello ni yule anayezaliwa nyuma ya mapacha. Dada zangu, Apio na Acen, ni mapacha. Wako Mbale kwa bibi."

Jaja alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. "Wewe ndiye Afande?"

"Ndiyo, Jaja."

"Kumbe Kiiza wetu anavaa gwanda!" alisema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Mchungaji. Sote tulimtazama. Ile ilikuwa shule yake, na mambo ya mila alikuwa akiyakemea kila Jumapili.

Mchungaji alikiangalia kile kikombe. "Biblia," alisema mwishowe, "haijakataza mtoto kunywa uji." Halafu akaenda kukagua geti, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Mama Aidah alimwaga uji uliopoa, akamimina mpya katika vikombe vyote viwili. Jaja sasa aliketi. Nilikunywa. Uji uliniunguza ulimi lakini sikuacha, kwa sababu Babirye alikuwa ananitazama juu ya blanketi. Nilipofika nusu, alinyoosha mkono akachukua chake.

"Afande," alisema, "unakunywa kwa kelele."

Madamu Nambozo aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa mkono wenye chaki. Jaja alirudi Buwenge peke yake.

Sasa naishi Walukuba na nina binti mdogo. Nikisimulia haya, watu huniuliza kama naamini. Dawa ilifanya kazi yake, hilo najua, nami nimemuuguza binti yangu kwa dawa kama hiyo. Lakini Babirye alikuwa ameimeza tangu juzi na mdomo wake haukufunguka. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Ninachokumbuka ni sketi ya Madamu yenye majivu, na Mchungaji akitikisa geti zima lisilo na kasoro ili asituone. Na Jaja, aliyekuwa na haki ya kuondoka na mtoto wake, akaamua kutuamini na kutuachia.

Kusoma kwangu kuliishia darasa lile. Baba alihamishwa, na ada ya sekondari haikupatikana. Nikipita Mafubira kwa boda na kusikia watoto wakiimba, humwambia kijana apunguze mwendo. Yeye hudhani naogopa.

Babirye alifaulu, akaenda sekondari Mbale, na tangu hapo hatujaonana. Kabla Babirye hajaondoka, Jaja alinipa kikombe cha pili. Ua lake limebabuka upande mmoja. Binti yangu anakinywea uji.