Fisi Niliyemlisha kwa Ndoo

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Manyamanyama, nilimsingizia bibi kizee kwamba anafuga fisi. Mungu anisamehe, maana fisi yule nilikuwa namlisha mimi.

Baba alikuwa na bucha ndogo, akichinja alfajiri. Sisi Waislamu hatuli damu, basi kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kubeba ndoo ya damu iliyoganda, kwato na masalia ya tumboni, nikafukie kwenye shimo la bucha nyuma ya mashamba ya pamba. "Amina, fukia vizuri," aliniambiaga. "Damu inaita." Mimi nilidhani inaita mashetani tu, na mashetani mchana hawana nguvu. Njia ilikuwa ndefu, ndoo nzito. Siku moja nikaimwaga korongoni, nyuma ya nyumba ya Bibi Nyangeta, mjane aliyeishi peke yake. Hakuna aliyeniona. Kesho yake nikamwaga tena. Kila nikirudi nakuta korongo limefagiliwa, haukubaki hata ukwato.

Wazee walisema zamani fisi walikaaga vilimani, wakila mizoga ya porini. Vilima vikalimwa, nyumba zikapanda, swala wakaisha. Fisi naye akajifunza mji.

Watu wakaanza kumwona kabla jua halijatoka, akitokea nyuma ya kwa Bibi Nyangeta. Kwetu fisi akizoea nyumba ya mtu, watu hawaulizi anakula nini. Wanauliza ni wa nani. Inasemwa mchawi humpanda fisi kama baiskeli, na fisi wake huwa amemvalisha shanga shingoni. Basi mbuzi wa jirani yetu, Mzee Magesa, alipokutwa ameliwa, mzee akanishika mkono njiani.

"We mtoto wa bucha, unapitaga kule kila siku. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ana shanga?"

Niliogopa kwamba nikisema sijui, ataniuliza nafuata nini korongoni.

"Anazo. Nyekundu."

Neno hilo likazunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Wanawake wakaacha kuteka maji pamoja na Bibi Nyangeta. Kikao cha mtaa kikapangwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na watu walishakubaliana: Bibi Nyangeta arudi kwa kaka yake kule Butiama, la sivyo vijana wataichoma nyumba.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo nilimkuta mlangoni, anafunga vyombo kwenye khanga. Akanipa kiazi cha moto, kama siku zote.

"Mjukuu wangu, eti mimi nafuga fisi. Kuku wawili tu wananishinda!" Akacheka. Halafu akafuta macho kwa pindo la khanga.

Kile kiazi nikakitia mfukoni. Nikarudi bucha na ndoo yangu imejaa, nikamwambia baba yote. Nilitegemea fimbo. Baba akaweka chini kisu alichokuwa akinoa. "Alasiri tutakwenda wote," alisema.

Kikaoni Mzee Magesa alikuwa ameshapandisha sauti, baba akasimama amenishika mkono.

"Jamani, fisi huyo ni wangu. Mimi ndiye ninayemlisha." Akanisogeza mbele. "Mwanangu, sema."

Nikasema: ndoo, korongo, na shanga ambazo hazikuwapo. Nililia katikati. Mama mmoja muuza dagaa akadakia, "Kumbe bucha yako ina mteja wa alfajiri!" Watu wakacheka, na nashukuru kwa kicheko kile, maana kuna kijana alikuwa na kibiriti mfukoni.

Mzee Magesa hakucheka. "Na mbuzi wangu je?" Baba akamwahidi mbuzi mwingine, na alitoa.

Bibi Nyangeta alinigeukia. "Na mimi nyekundu hata siipendi," akasema.

Kesho yake vijana walewale walishika majembe, wakasafisha korongo, wakachimba shimo refu karibu na bucha. Mzee Magesa akaongeza miiba zizini. Fisi alikuja siku chache, akanusa, akashika njia ya vilimani. Bibi Nyangeta akafungua vyombo vyake. Aliishi pale mpaka Mungu alipomchukua, kitandani kwake. Nilikuwa nimeshaolewa, nilikuja kuosha vyombo vya msiba.

Mimi siyo msomi, niliishia darasa la saba. Sibishi kwamba dunia ina siri zake, Mungu ndiye anayejua. Ila yule fisi sikuwa na siri naye. Alikuwa na njaa, na sisi tulikuwa tumelima kwake. Mji umekua zaidi siku hizi, lakini bado kuna jioni nawasikia wakilia upande wa vilima. Nafurahi kwamba wapo, na kwamba wako kule.

Basi nakuomba. Ukichinja, hata kama ni kuku wa sikukuu, chimba shimo ufukie. Na ukimwona fisi nyuma ya nyumba ya bibi wa watu, kabla hujauliza ni wa nani, angalia kwanza ndoo yako umeimwaga wapi.