Mume wangu anataka mkono wangu ubaki hivi hivi mpaka bodi ya madaktari ipite

(Aliyetuandikia ameomba asijulikane. Jina la mtoto tumelibadilisha.)

Habari zenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike aliyeanza kutembea juzijuzi. Tunaishi Chamazi, tumepanga, ila tuna nyumba yetu tuliyoianza na imeishia kwenye lenta, haina paa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkiona makosa mnivumilie.

Mkono wa kulia ulibanwa na mashine. Mlango wa ile mashine ukifunguliwa, inatakiwa izime yenyewe. Sasa kitasa kilikuwa kimelika, mlango haufungi vizuri, mashine inazimazima, mafundi wakaifunga swichi ya mlango kwa waya isizime tena, ili kazi iendelee. Mimi sikuambiwa. Nilifungua mlango nitoe ndoo iliyonasa, nikijua imezima. Injinia wa kiwanda alikuja kuniona hospitali, kijana mpole, amebeba juisi. Akaniambia, "Dada, mashine ikichoka sehemu moja tunaifidia sehemu nyingine, ndiyo kazi yetu. Pale tulifidia pabaya." Akasema kitasa kipya kimeshawekwa na mashine inafanya kazi vizuri. Nikamwambia asante. Hasira nilikuwa naisubiri na mpaka leo haijaja, sijui imepotelea wapi.

Vidole havikukatwa, vilishonwa, ila vilikakamaa. Na sisi watu wa Pwani mnajua mkono wa kushoto kazi yake ni ipi. Sasa huohuo ndio unaokula, ndio unaopika, ndio unaompokea mgeni. Kulikuwa na hitima kwa jirani, wanawake tumekaa kwenye masinia, mama mkwe akaniletea sahani yangu pembeni na kijiko. Akaninong'oneza, "Mwanangu, Mungu anakuelewa, ila watu hawaelewi." Hakusema kwa ubaya, ananipenda. Nilikula nikamaliza, hata chumvi sikuisikia.

Hospitali nilipangiwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja asiyecheka na mtu. Alinipa mpira mdogo wa kuminya. Akaniambia, "Mkono wa kushoto umeshaanza kufidia wa kulia, mwili ndivyo ulivyo. Lakini ukiuachia kila kitu, ubongo utausahau huu mwingine. Na viungo vikiganda sasa hivi, baadaye hatutaweza kuvirudisha." Nikaminya kila siku, huku nauma kanga kwa maumivu. Vidole viwili vikaanza kujikunja. Nikaenda mbio kumwonyesha mume wangu, nikidhani atafurahi. Alivitazama, akaenda kufunga mlango, akauliza, "Umemwonyesha nani mwingine?"

Kumbe alishaongea na rafiki yake anayefanya kazi kwa wakili. Huyo alimweleza kwamba mwajiri akisharipoti ajali, unatibiwa kwanza, matibabu yakifika mwisho bodi ya madaktari inakupima umepoteza kiasi gani moja kwa moja, na fidia inafuata hapo. Hawapimi ulivyoumia, wanapima kilichopungua. Mume wangu akaniambia, "Mama Latifa, sie tunasubiri hii kitu tupaue nyumba. Ukikunja vidole mbele ya bodi umejipunguzia mwenyewe. We upumzishe tu huo mkono. Bodi ikipita utafanya mazoezi mpaka uchoke."

Msimwone mbaya. Huyu ndiye aliyeniogesha na kunifunga nguo nilipokuwa siwezi, na hajawahi kuninyanyulia sauti. Na mimi pia nimechoka na nyumba ya kupanga. Nikaacha kwenda mazoezini. Yule mama alipopiga simu nikamdanganya nimesafiri. Akasema wanaosubiri bodi amewaona wengi, kisha akaniambia, "Hao madaktari wa bodi wanajua mkono ulioumia na mkono uliolazwa makusudi. Lakini mie siwaogopei hao, nakuogopea wewe." Nikakata simu, nikaendelea kuchambua mchicha.

Ijumaa iliyopita nilikuwa jikoni, Latifa akapanda kigoda kando ya jiko la mkaa, uji unachemka. Akateleza. Sikufikiria chochote, mkono wa kulia ulikwenda wenyewe ukamdaka gauni, ukamshikilia. Nilibaki nautazama huo mkono. Nilijua hapa natakiwa nifurahi, nikasubiri furaha ije. Nilipogeuka, mume wangu amesimama mlangoni. Hakuuliza kama mtoto ameungua. Alisema, "Usirudie. Jirani akikuona je?"

Jana tulikuwa barazani wote watatu. Latifa alikuwa anashuka ngazi mwenyewe, akajikwaa, na mimi nilikuwa karibu kabisa, ningenyoosha mkono tu ningempata. Mkono ulibaki ndani ya kanga. Nilimtazama baba yake kwanza, ndipo nikamtazama mtoto. Alidondokea mdomo, akachanika, damu ikatoka nyingi. Baba yake alimwokota, akamfuta, akambembeleza mpaka akanyamaza. Halafu akaniangalia, akaniambia, "Ahsante, mke wangu."

Tangu hapo sijalia wala sijaongea sana. Napika, nafua kwa mkono mmoja, naitikia nikiitwa. Bodi ni mwezi ujao. Mama wa mazoezi ametuma ujumbe kwamba Jumatatu atanisubiri, na nisipokuja nafasi yangu atampa mwingine. Sijamjibu. Baba Latifa anasema ni mwezi mmoja tu, nitavumilia. Mimi siuogopi huo mwezi. Naogopa kwamba jana mwanangu alianguka mbele yangu na mkono wangu ulinitii. Wenzangu, hasa mlio mama, semeni nami: Jumatatu niende, au nikae?