Kijapani Nilichojifanya Kukijua

Siku moja imekaa nami kuliko siku nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, nami siikumbuki kwa furaha. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika mtaa wetu wa Kamalondo, katika chumba cha video nyuma ya duka la fundi cherehani. Nilikuwa nimesimama kando ya televisheni nikiwafasiria watu wazima na vijana maneno ya Kijapani. Na Kijapani chenyewe sikukijua hata neno moja.

Nikueleze ilivyoanza, maana uongo hauzaliwi na meno. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi. Binamu yangu mkubwa, yaya Kalenga, yaani kaka Kalenga, ndiye aliyekuwa na kile chumba. Wakati huo hakukuwa na simu za kutazamia kama hizi zenu. Kaseti zililetwa na madereva waliopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na safari moja walileta rundo zima la katuni za Japani, hazina Kifaransa, hazina maandishi chini, hazina chochote. Hadithi zile nyinyi mnazijua vizuri kuliko mimi: mtu anaishi maisha yake ya kawaida, mara anachukuliwa, anajikuta katika ulimwengu mwingine. Moja ilimhusu msichana wa shule. Alikuwa akipanda ngazi za darasani na mfuko wake begani, mwanga ukamzingira, akatokea katika nchi ambayo mito yake inapanda mlima badala ya kushuka.

Watu waliipenda picha, wakaudhika kwa kutoelewa. Ndipo nikasema, "Mi najua ile luga."

Baba yangu alikuwa mtunza bustani katika kambi ya mgodi walikokaa wahandisi wa Kijapani na familia zao. Hilo lilikuwa kweli. Nikaongeza la kwangu: kwamba nilikua nikicheza na watoto wao hadi lugha ikaniingia. Hilo halikuwa kweli. Mimi nililelewa na nyanya yangu hapa Kamalondo, na lango la kambi ile sikulivuka hata mara moja. Lakini watu waliamini, wakaniita Mujapani, wakaanza kunisalimia njiani. Kijana asiye na kazi akisalimiwa njiani, mwanangu, kichwa kinamvimba.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mama mmoja muuza maandazi. Tulimwita Mama Ngalula, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapahapa. Huyo binti, Ngalula, alikuwa ametoka asubuhi moja na shati lake jeupe na sketi ya bluu kwenda shule, asirudi. Mtaa mzima ulilijua jambo hilo. Mama alikuwa amemtafuta wiki nyingi, kanisani, sokoni, kwa ndugu. Aliingia chumbani mle mara ya kwanza kwa kumletea yaya Kalenga maandazi tu, akamwona yule msichana wa picha katika sare yake akimezwa na mwanga. Akaketi. Tangu siku ile hakukosa.

Siku moja aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwana, mama ya ule mutoto iko namutafuta?"

Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, lakini usipolizoea linakwama kooni. Nikatafuta jibu la kuwastaajabisha watu, nikalipata.

"Hapana, mama. Kule mutoto iko muzuri, banamupenda. Mama yake akimufuata, mulango inafungika, mutoto hatarudia tena."

Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mama Ngalula akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Nilijiona mtu mwema! Kumbe heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki ileile aliacha kumtafuta binti yake.

Kisha ikaja Jumanne. Nilikuwa nimekaa na wenzangu mlangoni pa chumba cha video, Mama Ngalula akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimelegea. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemletea habari.

"Banasema Ngalula iko Kasumbalesa," akaniambia. "Iko mugonjwa, ananiita. Weye unajua ile mambo. Niende, ao nitafunga mulango?"

Mwanangu, hapo nilijua. Usidhani nilikuwa mjinga. Nilijua kwamba ile ilikuwa picha ya kuchorwa, na kwamba aliyekuwa Kasumbalesa ni mtoto wa mtu. Lakini wenzangu walikuwa wakinitazama, na kama ningesema "Mama, nenda, yale mengine niliyatunga," basi Mujapani angekufa palepale. Nikamwokoa Mujapani.

"Ngojea Samedi, mama," nikasema, yaani asubiri Jumamosi. "Kaseti ya mwisho imefika. Tutaona namna inaisha."

Akangoja. Siku nne alingoja.

Jumamosi ile baba yangu alikuwa amekuja mjini kututembelea. Alisikia habari za mwanawe mfasiri, akaja bila kuniambia, akaketi kwenye benchi la nyuma. Kaseti ikaanza. Msichana alisimama ukingoni mwa ule mto unaopanda, akaita kwa sauti kubwa, neno moja, mara mbili, mara tatu. Nami nikatafsiri kwa madaha: "Anasema, inchi hii iko yangu, sitarudia tena."

"Simamisha ile kaseti," sauti ikasema kutoka nyuma. Nikamwona baba amesimama, kofia mkononi.

"Okasan," akasema. "Ule mutoto anasema okasan. Miaka mingi nilifagia majani mbele ya manyumba ya Bajaponais. Batoto yao bakianguka, bakisikia njala, bakiogopa imbwa, ni neno ile moja balikuwa banalia. Ni kusema mama. Ule mutoto iko naita mama yake."

Na mimi, mwanangu, unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimcheka baba yangu mbele ya watu ili wadhani ni mzee aliyechanganyikiwa.

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Basi tuambie. Kwa Kijapani, maji banasema je?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale, mbele ya televisheni iliyosimamishwa.

Mama Ngalula alikuwa ameinuka. Hakunitazama. "Tangu Mardi," alisema, yaani tangu Jumanne, kama anayejisemea mwenyewe. "Ananiita tangu Mardi."

Baba alinishika mkono akanitoa nje. "Ulimi haina mufupa," akaniambia, "lakini inavunja mifupa ya bengine. Utamupeleka weye. Sasa hivi."

Mama Ngalula na mimi tulipata nafasi katika lori lililokuwa likienda mpakani. Kasumbalesa tuliuliza huku na huku kando ya foleni ya malori, mpaka mama mmoja aliyewapikia madereva akatuongoza kwenye chumba chake. Ngalula alikuwa amelala juu ya mkeka, amekonda, mikono juu ya tumbo. Alikuwa ameondoka nyumbani na mimba, akiogopa kumwambia mama yake. Mwanamume ambaye Ngalula alimfuata hadi pale alikuwa amevuka kuingia Zambia, akamwacha. Alijifungua siku ya Jumatano. Mtoto aliishi siku moja na nusu.

"Mama," akasema, "nilikutumia muntu Mardi. Nilisema mama atakuja. Kila lori likisimama nilisema ni mama."

Mama Ngalula akapiga magoti, akamkumbatia. "Nilichelewa, mwana wangu," akasema. "Ni kosa yangu. Ni yangu peke yake."

Nilikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka walipokuwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, ni mimi." Maneno matatu. Nikatazama miguu yangu, nikanyamaza.

Katika kurudi, Ngalula akiwa amelala, nilimwomba mama yule msamaha kwa sauti ya chini. Alinijibu jambo ambalo sikulitegemea. "Uongo yako ilinipendeza, mwana," akasema. "Niliogopa kumukuta namna nilimukuta. Weye ulinipa ruhusa ya kukaa." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ule alikuwa ameamua kuubeba pamoja na mzigo wangu.

Ngalula alipona, akaolewa, akapata watoto. Lakini yeye na mama yake walisalimiana kama wapangaji wa ua mmoja. Mimi nililiona hilo miaka na miaka, nikawa nikijiambia, nitamwambia mwaka huu, nitamwambia Noeli. Mama Ngalula akafa sijasema. Siku ya kuvunja matanga nilimfuata Ngalula upenuni, nikamweleza yote: Mujapani, mlango unaofungwa, Jumamosi ile. Alinisikiliza hadi mwisho, kitambaa cha msiba kichwani.

"Nilimukasirikia mama yangu hadi anakufa," akasema. "Kumbe ulikuwa pale. Ulikuwa pale kwa mulango, ukanyamaza."

Akaingia ndani. Hatujawahi kuzungumza tena, nami simlaumu.

Mwaka jana mjukuu wangu alinitafutia zile katuni katika simu yake, sasa zina Kifaransa chini. Nilizitazama zote. Tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, yule msichana hasemi habari za kutawala wala za kubaki. Anauliza njia ya kurudi kwao. Nilizima simu, nikamrudishia.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Jizoeze kusema "sijui" ungali mdogo, wakati neno hilo halijawa ghali kwako. Mtu akikujia na kilio chake, usimpe maneno mazuri ya kukupamba wewe. Mpe kweli, na kama huna kweli, mpe miguu yako, mfuatane. Na ukikosa, kiri siku ileile, mlangoni palepale. Mimi nilidhani kosa langu kubwa ni uongo. Uongo ulichukua siku nne. Kimya changu kilimnyang'anya binti mama yake kwa maisha yote ya mama huyo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi na mzito wa kujisifu. Wakikuita walio wako, masikio yako yawe wazi na njia yako iwe fupi. Na usije ukazeeka ukiwa na neno la kumwambia mtu ambaye hayupo tena wa kulisikia. Amina, mwanangu.