Mlango wa Choo na Ndege ya Bangboka

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote na mapafu yakiwemo, kwamba Ulaya imejaa. Haikujaa watu, imejaa takataka. Kwamba wazungu wametupa vitu miaka na miaka, makochi mazima, friji ambazo bado zinatoa baridi, mpaka siku moja wakageuka na kukuta hakuna tena pa kutupia. Wakafanya mkutano mkubwa wakaamua: watafutwe watu wanaojua kuishi na vitu vya zamani, waletwe, wafundishe. Dunia nzima ikachunguzwa, na watu hao wakaonekana wako Kisangani, hasa mtaa wetu, komini ya Mangobo, na ukizidi kukaza macho, kwenye avenue yetu.

Habari hii nilipewa na jirani yangu fundi viatu, yule anayekata matairi ya lori na kuyafanya sandali ambazo haziishi hata miguu ikiisha. Yeye aliipata kwenye audio ya simu, iliyotumwa na mtu ambaye shemeji yake anabeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Ushahidi gani tena mtu atake?

"Watachukua familia moja tu," aliniambia akitazama huku na huku kana kwamba sandali zina masikio. "Makoti ya baridi watapewa ndani ya ndege."

"Na sharti?"

"Sharti iko moja. Ndani ya nyumba kusiwe na kitu hata kimoja kinafanya kazi yake."

"Kazi gani?"

"Kazi kilizaliwa nayo! Kiti kisikaliwe. Ndoo isichote maji. Wakikuta kijiko kinakoroga supu, umeanguka."

"Sasa weye mbona haushindane? Nyumba yako nzima iko matairi."

Akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Tairi ilizaliwa kutembea, ndugu yangu. Na kwa mguu wa mutu, iko natembea bado. Miye nimeshaanguka."

Nilimwonea huruma, lakini si sana, maana mshindani mmoja alikuwa amepungua.

Msinichukulie kama mtu wa kudanganywa ovyo. Mimi nilimaliza shule ya jioni, nikapewa diploma yenye muhuri mkubwa kama sahani ya supu, nikaiweka kwenye fremu ya kioo ukutani, mahali ambapo hata mdai hawezi kuingia bila kuisoma. Mtu mwenye diploma haamini uvumi hivi hivi. Anauchambua kwanza, kisha anauamini.

Uchambuzi wangu ulikuwa huu. Wiki ile ile jeep nyeupe ilipita kwenye avenue polepole, na kwetu gari haliendi polepole bila sababu, isipokuwa mashimo. Kisha shefu wa avenue akaja kututangazia: shirika moja litafanya semina ya wamama, jina lake Kuvipa Vitu vya Zamani Maisha Mapya, na siku ya Alhamisi mama mmoja wa shirika atakuja kuangalia lupango wetu, nyumba na uwanja wake. Unaona? Vitu vya zamani. Kuangalia. Kwetu.

Nicheke kidogo hapa. Kufundisha watu wa Kisangani kuvipa vitu vya zamani maisha mapya ni kama kufundisha samaki wa mto Tshopo kulowana. Kwetu kitu hakifi, kinahamishwa tu kama mtumishi wa serikali, na kama yeye kinafika kituo kipya bila mshahara. Kopo la nyanya likimaliza nyanya linapima mchele sokoni. Likipata kutu linakuwa taa. Likitoboka chini linachuja. Na likishindwa kabisa linapewa watoto liwe gari. Mgombea mmoja wa uchaguzi, aliyetuahidi barabara, bango lake limeziba tundu la paa letu mpaka leo, uso ukitazama chini kitandani. Usiku ninamwangalia, ananiangalia. Nikiri tu kwamba kwa mvua anafanya kazi vizuri.

Bon. Mke wangu aliposikia habari za shefu, hakusikia ndege. Alisikia kitu kingine.

"Shefu amesema mama wa lupango itakayochaguliwa ndiye atapikia semina," aliniambia, macho yaking'aa. "Wamama wote wale. Siku zote zile."

Lazima mjue jambo moja juu yake. Hakuna mtu anayepika lituma kama yeye. Ndizi zake zikishachemshwa na kutwangwa zinakuwa laini hivi kwamba mwenye meno anaona aibu. Avenue nzima inalijua hilo, ndiyo maana humwita kwenye kila matanga. Na hapo ndipo palipomuuma.

"Kwa matanga watu wanakula, wanalia, wanaenda," aliniambia zaidi ya mara moja. "Kesho yake wanakumbuka marehemu. Nani amekumbuka mpishi? Miye pia nataka kupikia watu wenye wako na furaha, wanirudishe sahani wakisema jina langu."

Kwa kazi hiyo alikuwa na chungu chake. Kilikuwa chungu kikubwa cha aluminiamu, ungeweza kumwogesha askofu ndani yake. Marehemu baba yake aliendesha lori la mizigo njia ya Buta, na lori lilipokufa porini, vyuma vyepesi vya injini vililetwa mjini, fundi akaviyeyusha na kuvimimina kwenye mchanga, kikatoka chungu. Ukikigonga vizuri kinanguruma kama kinapanda kilima.

Basi kila mmoja wetu alijiandaa kwa Alhamisi kwa namna yake. Yeye alifagia. Mimi nilibadilishia vitu kazi.

Nilianza na viti. Nikavitundika ukutani kwa misumari, vikawa vya kuanikia nguo. Wageni wangekalia bidoni za mafuta. Pasi ya makaa nikaigeuza ya kukaangia karanga, na karanga zilitoka zimenyooka kabisa. Mwavuli niliuvua kitambaa na kuning'iniza mifupa yake kwenye dari, kila mfupa na kijiko chake. Soksi yangu, ambayo ilikuwa karibu mpya, ikawa kichujio cha kahawa.

"Papa," mke wangu alisema baada ya kuonja, "hii kahawa imetembea."

Meza niliipindua miguu juu, nikaizungushia chandarua, kuku wakahamia ndani. Walistarehe hivi kwamba jogoo alikataa kuwika asubuhi. Na diploma, ndiyo, hata diploma, niliishusha ukutani na fremu yake, ikawa sinia la vikombe. Iliniuma, lakini Ulaya si karibu.

Tatizo la kuhamisha, na wakubwa wetu wa ofisini watanielewa, ni kwamba kila unayemhamisha anaacha nafasi wazi nyuma yake. Meza ikiwa banda la kuku, mgeni ataweka sahani wapi? Nikazunguka lupango wote nikitafuta kitu kipana, bapa, chenye heshima. Macho yangu yakatua kwenye mlango wa choo.

Mlango ule ulikuwa fahari ya avenue. Wengine wote walikuwa na gunia lililoning'inizwa; ukikaa ndani unaimba ili anayepita ajue. Sisi tulikuwa na mlango wa mbao nzito, ulionunuliwa kule bandarini kutoka bateau moja, meli ya mtoni, iliyovunjwa, na juu yake rangi nyeupe ilikuwa bado inasema CAPITAINE. Majirani walikuwa wakija kuuomba kwa adabu: "Mama, naomba nimwone kapteni." Nikaung'oa, nikauweka juu ya bidoni nne, nikatandika kitambaa. Ilikuwa meza ya gavana. Bawaba zake sikuzitupa. Nilizifunga kwenye fremu ya diploma, zikawa mishikio ya sinia.

Kikabaki chungu. Nilikikaribia na nyundo na msumari mkubwa. Nilitaka kukitoboa matundu kiwe taa ya sebuleni, nyota zitapakae ukutani. Mke wangu alikuwa amekaa juu yake.

"Simama kidogo, mama."

"Sisimame."

"Ni kwa ajili ya ndege."

"Ndege gani?"

Nikamweleza yote: Ulaya iliyojaa, familia moja, makoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mke wangu ni mtu mwenye subira, ameolewa nami.

"Sasa kitu kikiwa kimekwisha badilisha kazi kinapita, si ndiyo?"

"Kinapita."

"Hii chungu ilikuwa lori. Ilibeba mafuta ya mawese, ilibeba mbuzi, ilibeba papa yangu. Sasa iko napika. Imebadilisha kazi ao haikubadilisha?"

Nilitafuta jibu katika masomo yote ya jioni. Hakukuwa na somo hilo.

"Imebadilisha," nikasema.

"Alors weka nyundo chini. Na ukitoboa chungu hii, Alhamisi nitapikia wageni ndani ya kichwa yako, maana yenyewe iko wazi."

Alhamisi mama wa shirika alifika pamoja na shefu wa avenue. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, na viatu ambavyo havikustahili barabara yetu. Nilimpokea kwa hotuba. Nikamketisha juu ya bidoni, ikapiga kelele chini yake kama ngoma, akacheka kwa adabu. Nikamwonyesha mwavuli wa vijiko. Nikamwonyesha kuku. Alitazama meza iliyopinduka, akatazama jogoo ndani ya chandarua, akasema, "Hawa hawataumwa malaria." Niliiweka sentensi hiyo moyoni kama alama za mtihani.

Nikamletea kahawa. Alipoinua kikombe, akasoma kilichokuwa chini yake.

"Papa, hii iko diploma yako?"

"Ilikuwa. Sasa iko sinia."

Shefu akakohoa. Mke wangu alifunua chungu, na harufu ikatoka na kufanya kazi ambayo hotuba yangu haikuweza. Lituma, maharagwe, samaki wa moshi. Mama wa shirika alikula, kisha akaongeza, kisha akakunja mkono wa shati na kuongeza tena. Mke wangu alisimama pale na mwiko wake, akimwangalia kila tonge linavyopanda. Sijawahi kumwona mtu akisali kwa mwiko, ila siku ile.

"Mama, naomba unionyeshe choo," mgeni akasema.

Mwiko ukasimama hewani.

Mke wangu alimwonyesha njia, maana hakukuwa na la kufanya. Tulisikia hatua zake zikienda, tukasikia zikisimama, kisha zikarudi haraka kuliko zilivyokwenda.

"Shefu, uliniambia hii lupango iko na choo ya mlango."

"Iko nao!" shefu akaruka. "Wiki iliyopita miye mwenyewe niliingia, nikafunga! Uko na maandishi ya kapteni!"

"Basi kapteni ameshuka," mgeni akasema, na safari hii hakucheka. "Pole, mama. Chakula yako iko nzuri sana. Lakini nitaenda kuangalia kwingine, kule Kabondo kuna lupango ingine walinitajia."

Niliuona uso wa mke wangu. Nimeuona ukikasirika mara nyingi, nina uzoefu nao mkubwa kuliko mtu yeyote katika jimbo la Tshopo. Huu haukukasirika. Ulizimika, kama taa ya kopo mafuta yakiisha. Halafu macho yake yakashuka polepole kwenye meza, akavuta pembe ya kitambaa. Kati ya sahani ya maharagwe na bakuli la samaki, herufi nyeupe zikatokeza: CAPITAI. Zilizobaki zilikuwa chini ya chumvi.

"Mama, keti," akamwambia mgeni. "Maliza samaki yako. Mbele ya kumaliza, mlango itakuwa fasi yake."

Kisha akanigeukia. "Papa, toa sahani. Kamata upande ule."

Nilikamata upande ule. Tulipokuwa tumeubeba katikati ya uwanja, huku mgeni akila akiwa ameweka sahani magotini na shefu akitufuata na kitambaa cha meza begani, mke wangu aliniambia kwa sauti ndogo: "Na hii pia ilikuwa ya bateau. Imebadilisha kazi kitambo. Ulishindwa hata kuangalia?"

Bawaba nilizing'oa kwenye diploma. Kioo kikapasuka kidogo, ufa ukapita juu ya jina langu na kuendelea hadi kwenye muhuri, na bado uko pale. Nilizipigilia mlangoni kwa nyundo ile ile niliyotaka kutobolea chungu. Mgeni akaja, akaingia, akafunga. Komeo likalia *kwa!* na lupango wote ukanyamaza kwa heshima, hata jogoo.

Alipotoka uso wake wa kucheka ulikuwa umerudi.

"Mama," akamwambia mke wangu, akimshika mikono yote miwili, "semina itafanyika hapa. Na utatupikia hii lituma, kila siku. Nitawaambia wote jina lako."

Mke wangu hakupiga vigelegele. Alikwenda kumimina maji ndani ya chungu, akaanza kukisugua, na kilikuwa kinanguruma. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa kwenye kizingiti cha choo, nyundo mkononi, na nikaona huu ndio wakati.

"Mama," nikamwambia mgeni, "na ndege, itaondoka lini? Nataka kujua kama tuuze kuku ao tuwaachie jirani."

"Ndege gani, papa?"

Nikamweleza. Ulaya, takataka, familia moja, vitu visivyofanya kazi yake. Shefu aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Mama wa Bukavu alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akaniambia polepole, kama mtu anayemsomea mwingine karatasi ya dawa:

"Papa, ndege haiko. Hakuna mutu anaenda fasi yoyote. Semina iko ya wamama, njo maana tulikuwa tunatafuta choo iko na mlango."