Usibadilishe Linux Siku ya Mazishi

Kuna Ijumaa moja sijaisahau, mwanangu, na imenirudia tangu uliponipigia simu kutoka Kitale kuniambia umeifuta Linux uliyoiweka juzi ili uweke nyingine. Kabla hujaigusa hiyo mpya, keti nikueleze. Najua kuketi ni kazi kwako. Hilo ulilitoa kwangu mimi shangazi yako, wala si kwa baba yako, anayeweza kungoja mahindi yakauke shambani bila hata kwenda kuyachungulia.

Nilikuwa msichana mwenye ofisi ndogo ya kupiga chapa mjini Bungoma. Kompyuta moja, printa moja, na wateja waliokuja kila mmoja na flashi yake na virusi vyake. Virusi vile vilinichosha nikaachana na Windows, nikahamia Linux. Unajua Linux hutolewa bure na hutengenezwa na makundi mengi, kila kundi na aina yake, ndizo mnazoita distro. Kwa mtu mtulivu hiyo ni neema. Kwangu ilikuwa balaa. Binamu yangu wa Kitale alikuwa na sanduku zima la CD za kila aina, na sikuwahi kurudi kutoka kwake mikono mitupu. Nikianza kuizoea Ubuntu, nasikia Mint ni rahisi zaidi. Nikiweka Mint, naambiwa wajuzi wenyewe hutumia Debian. Kila nikihama, kijana mmoja wa jirani alikuja kuniunganishia printa, mimi nikiwa nimesimama kando nikiwaza nyingine. Nilijua kuziweka zote, na sikujua kutumia hata moja.

Sasa, unajua programu ya mazishi ilivyo huku kwetu. Mtu hazikwi bila karatasi yenye picha yake, historia yake, nyimbo, na majina ya watakaozungumza kwa utaratibu. Jina la mjomba likikosekana, maneno yake hayaishi hata matanga yakiisha. Mama Nekesa wa Chwele alikuwa amefiwa na mumewe, mchuuzi wa ng'ombe sokoni, akaniletea picha ya marehemu amevaa kofia yake ya sokoni. Niliandika yote, nikahifadhi kwenye flashi. Ijumaa ilibaki kuchapisha tu. Gari la kubeba maiti lingepitia kwangu mchana likitoka mochari.

Asubuhi ile karatasi zilikuwa bado hazijaletwa, nikajiambia muda upo. Kwenye mkoba nilikuwa na CD ya Linux nyingine mpya. Nilikuwa nimesikia madirisha ya Linux hiyo kwenye skrini hutikisika ukiyavuta. Kwa sababu hiyo tu, mwanangu, nilifuta iliyokuwepo nikaiweka. Na yalitikisika kweli. Niliyavuta huku na huku nikicheka peke yangu mpaka karatasi zikaja. Nikabonyeza kuchapisha, printa ikanyamaza.

Nikabonyeza tena. Maandishi fulani yakatokea, nikayafunga. Nikabonyeza tena, yakatokea, nikayafunga. Nilimpigia simu yule kijana, simu haikushikwa; baadaye nikasikia alishapata kazi Webuye. Nikachomoa CD nyingine mkobani.

Hapo ndipo alipoingia Bi Rukia, jirani aliyenifundisha kupiga chapa enzi za taipureta. Alikuja kunisalimu tu. Wakati huohuo pikapu ikapiga honi nje, na kaka wa marehemu akachungulia mlangoni.

"Madam, si ulisema saa nane iko tayari? Tuko na maiti kwa gari, bana."

Hakufoka. Heri angefoka. Nyuma yake nilimwona Mama Nekesa ndani ya gari, ameshika shuka mapajani, hatazami popote. Niliona aibu hata nikashindwa kumpungia mkono.

Nilimwambia Bi Rukia naweka nyingine haraka haraka, kama saa moja hivi. Akaniuliza hii iliyopo imekataa kwa nini. Nikasema sijui. Akauliza yenyewe imesema nini. Nikamwambia kuna maandishi hutokea lakini nayafunga.

"Kwani unaifukuza kabla haijamaliza kusema?" akasema. "Hebu keti. Nisomee yote, pole pole."

Nilikasirika. Yeye hata Linux hakuijua ni nini. Lakini huyo alikuwa mwalimu wangu, nikaketi, nikasoma kwa sauti na mguu ukinicheza chini ya meza. Kumbe ilikuwa inasema tu kwamba hakuna printa iliyoongezwa, na inaonyesha pa kuiongeza. Nikaenda hapo. Orodha ilikuwa ndefu na printa yangu sikuiona, mkono ukakimbilia kufunga tena. Bi Rukia akanishika kifundo cha mkono. "Mpaka chini," akasema. Chini kabisa palikuwa na printa ya kampuni ileile iliyotengeneza yangu, ya toleo la nyuma kidogo. Nikaichagua hiyo. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na kofia ya marehemu ikaanza kutokea, kisha macho yake. Nililia pale pale mbele ya kaka wa marehemu.

Kesho yake nilikwenda Chwele. Mama mzazi wa marehemu hakujua kusoma, lakini alishika programu ile tangu ibada ilipoanza mpaka kaburi lilipokwisha kufukiwa, kidole chake kikiwa juu ya kofia ya mwanawe.

Kwa hiyo sikiliza. Chagua Linux ambayo mtu wa karibu nawe anaitumia, ili upate wa kumuuliza. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi kabla hujafuta chochote, na faili zako uziweke pembeni. Ukishaichagua, kaa nayo tangu mahindi yapandwe mpaka yavunwe. Ikikugomea, soma inachosema. Wala usiibadilishe siku ambayo mtu anakungoja, na wewe umesema mwenyewe chuo kinataka kazi yako Jumatatu. Usidhani mimi nimepona. Nikisikia kuna toleo jipya, mpaka leo vidole vinaniwasha, na ndiyo maana nakusemesha kwa ukali.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi ambayo watu wataingoja mlangoni, na akutulize mikono usome mpaka chini.