Ramani Kwenye Kamba ya Nguo

Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki moja, nami, mtu mzima na akili zangu, nikaanika ramani ya vita kwenye kamba ya nguo.

Nafundisha historia katika shule moja ya jijini, karibu na maduka ya Adams Arcade. Muhula ule tulikuwa tumefikia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, vile vya karne ya kumi na tisa. Kwamba Kaskazini ilipigana na Kusini, wanafunzi walielewa mara moja. Kilichowashinda ni majimbo ya katikati, ambako kijiji kimoja kilikuwa na watu wa pande zote mbili. Basi Jumamosi nikakaa nje ya nyumba ninayopanga, mtaa wa Kabiria, na karatasi ya manila na rangi za maji. Kaskazini nikaipaka buluu, Kusini nyekundu, katikati nikachora mistari ya rangi zote mbili. Majina ya mahali ningeandika rangi ikishakauka. Nikaining'iniza kwa vibanio, nikaingia ndani kupika chai.

Nilipotoka, wanaume wa ploti, wapangaji wenzangu, walikuwa wameizunguka. Hakuna aliyenisalimia. Ploti yetu ina watu wa kila pembe ya nchi. Mimi natoka magharibi, na msimu wa kura watu hukumbuka hilo kabla ya kukumbuka jina lako.

"Ticha, sisi huku tuko rangi gani?" msimamizi wa ploti akauliza.

"Hiyo si Kenya, boss. Ni Amerika, vita ya kitambo sana."

"Na hawa wa mistari ni kina nani?"

Nikaeleza kwamba huko majirani walichanganyika, wengine upande huu, wengine ule.

"Na ikaendaje kwao?"

Nilijua vizuri sana ilivyoenda. Kwenye mistari hawakungoja jeshi lije. Jirani alijua mlango wa jirani, na alijua nani analala ndani.

"Hapo bado hatujafika," nikasema. Nikaitoa ramani ikiwa mbichi, rangi ikanichafua shati, nao wakatawanyika wakinong'onezana.

Jioni akaja jirani ninayepakana naye ukuta, mama wa Ukambani, kule mashariki, mtoto mgongoni. Wanaume walipoizunguka ramani alikuwa akifua pale nje, na alisikia yote.

"Ticha, hao watu wa mistari, kuna wenye walifichana?"

"Wengine, ndiyo."

"Sasa mimi nikigonga hii ukuta, utanifungulia mlango?"

"Nitafungua, jirani." Nilijibu upesi, maana nilikuwa naogopa, pengine kuliko yeye. "Na mimi nikigonga?"

Aligeuka kwanza kuutazama mlango wa msimamizi. Akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Usigonge kwa nguvu," akasema.