Ombi Lililokosa Majina

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani yangu naitafuta nikiwa nimeivaa. Nilikuwa mhadhiri kijana, kichwa kimejaa digrii. Ombi langu la ufadhili wa darasa la kubuni chipu, vile vidude vidogo vinavyoendesha simu yako, lilikuwa limekataliwa. Wafadhili wakaniruhusu kulileta mara moja tu tena, mwisho Ijumaa. Likishindwa, darasa lingefungwa, na wanafunzi wangu saba wa mitaa ya Kayole na Pipeline, hapa Nairobi, wangetawanyika.

"Madam, hii ikifeli si ndio tumeisha?" aliniuliza Atieno, mmoja wao. Nikamwambia atulie, mtaalamu ni mimi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikapita mtaa wa Makongeni kumsomea baba yangu, fundi mstaafu wa reli, ombi langu jipya. Nilitaka tu anisifu. Kurasa zote zilikuwa za mitambo na kompyuta. Alisikiliza huku akimenya njugu.

"Mama," akasema, maana mimi nina jina la mama yake, "hao watoto wako wapi humu?"

"Baba, hili ni ombi la utafiti."

"Kwetu karakana, ukiomba mashine bila kuandika jina la atakayefundishwa kuitumia, msimamizi anakurudishia karatasi. Mashine bila mtu ni chuma. Wewe umeomba chuma."

Niliona haya, tena nikakasirika, nikaondoka bila hata kuaga vizuri. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilishavunjika mara moja. Kesho yake niliwaita wote saba tukaandika upya: nani atabuni nini, nani atamfundisha nani, watafanya kazi wapi wakihitimu. Atieno akanionyesha mtambo mmoja ghali ambao hata hatukuuhitaji. Mtaalamu nikaufuta.

Tulipata ufadhili, mwanangu. Wote saba walihitimu, na Atieno ndiye anayeliongoza darasa hilo sasa. Baba nilimshukuru akiwa hai, na hadi leo namshukuru.

Basi nawe unayeandika ombi lako, anza na watu. Wataje, waulize, waache wakusahihishe. Kisha ndipo uombe vyombo. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akufungulie milango, na asikunyime mtu wa kukukemea.